Babu aliyekwenda keya na hakurudi: namna ya kufuatilia maisha na kifo cha askari wa ukoo, kwa familia za Moshi na Arusha

Koo nyingi za Machame, Kibosho, Marangu, Rombo, Meru na Arusha zina jina moja linalopitwa haraka kwenye kikao cha ukoo. Kijana alichukuliwa keya, yaani jeshi la Mwingereza la King's African Rifles (K.A.R.), akaenda Burma au Uhabeshi, hakurudi. Hakuacha mke wala mtoto, kwa hiyo hakuna mjukuu aliyerithi jina lake, na kihambani hana kaburi. Wanaomkumbuka ni wazee wachache, na wakiondoka wao hakuna atakayejua hata kwamba babu alikuwa na mdogo wake.

Maelezo haya ni ya mtu mwenye simu, daftari na wazee wawili watatu wa kuuliza. Yanahusu zaidi Vita vya Pili vya Dunia, kwa kuwa huko ndiko karatasi na kumbukumbu za wazee bado zinakutana. Vita vya Kagera na Vita vya Kwanza vinakuja baadaye, kwa ufupi.

Unatafuta vitu vinne: jina kama jeshi lilivyoliandika, namba ya askari, kikosi, na tarehe ya kifo. Ukipata namba, vingine vitatu karibu vinajileta. Ukipata kikosi na tarehe, unajua alifia wapi hata kama hakuna aliyekusimulia. Jina peke yake ndilo kitu dhaifu kuliko vyote, na ndilo ambalo familia nyingi huanza nalo na kuishia nalo.

Anza na mtu, kifo kitafuata

Kosa la kwanza ni kumkalia bibi mbele na kumuuliza, "Alikufaje?" Hajui. Aliyejua hakumwambia, na swali lenyewe linafunga mdomo. Muulize alikuwa anapenda kula nini, alichunga wapi, alisoma shule gani na akaishia darasa la ngapi, alikuwa na ugomvi na nani, alikuwa anamchumbia nani. Majibu hayo ndiyo maisha yake, na ndani yake mna funguo za karatasi: shule ina daftari, kanisa lina kitabu, na mchumba ana ndugu.

Wanawake waulizwe kwanza. Shangazi aliyekuwa msichana wa miaka 8 mwaka 1943 aliona mama yake akilia jikoni, alibeba barua kwenda kusomewa kwa mwalimu, alijua fedha zilifuatwa bomani mara ngapi. Wanaume wa ukoo mara nyingi wana kauli iliyokwisha kufupishwa: alikwenda, akafa, basi.

Swali lenye thamani kuliko yote ni hili: aliondoka pamoja na nani? Vijana waliandikishwa kwa makundi, na walioandikishwa siku moja mara nyingi walipewa namba zinazofuatana. Kama mwenzake alirudi, kuna nyumba nyingine, pengine kata ya pili tu, yenye cheti cha kuachishwa jeshi chenye jina la kikosi na namba inayokaribiana na ya wenu. Nenda na sukari, jitambulishe kwa ukoo, eleza unatafuta nini, omba kuona. Usiombe kuondoka nacho.

Uliza pia kama alijitolea au alipelekwa. Sheria ya utumishi wa lazima ilipitishwa Tanganyika mwaka 1940, na vijana wengi walitolewa kupitia mangi na wazee wao. Hapa pana uchungu wa miaka mingi: mtoto wa nani alipelekwa, wa nani alifichwa. Pokea utakachoambiwa, kiandike, wala usikipeleke kwenye ukoo wa pili kama mashtaka.

Umri wake utaupata kwa matukio, kwa sababu tarehe ya kuzaliwa huenda haipo. Yanayosaidia kwa huku kwetu ni haya: Waingereza kuingia Moshi, Machi 1916, mafua makubwa ya 1918 na 1919, reli kufika Arusha, 1929, chama cha ushirika cha KNCU kuanzishwa, 1933. "Alikuwa ananyonya treni ilipofika Arusha" inakupa kijana wa miaka 15 hivi mwaka 1944, ambaye kama alikwenda jeshini basi aliongeza umri wake. Kwa Waarusha na Wamaasai uliza rika. Askari wa vita hivyo wengi ni wa Terito au Nyangusi, na mzee akishataja rika amekupa kipindi chake bila kubahatisha.

Kurekodi: simu iweke katika hali ya ndege, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili mitetemo ya meza isiingie, karibu na mzee kuliko na wewe. Dakika 40 zinatosha kwa siku moja. Mwanzoni taja kwa sauti tarehe, mahali, jina la mzee na uhusiano wake na marehemu. Rudi siku ya pili. Mengi hukumbukwa usiku baada ya mgeni kuondoka. Kama mzee anatumia Kichaga, Kimeru au Kimaasai, mwache aendelee nayo. Majina ya vilima na ya watu hutoka sawasawa katika lugha hiyo, na ni hayo majina unayoyahitaji.

Sanduku la bati

Chini ya kitanda cha mtu fulani kuna sanduku. Ndani yake usidharau bahasha iliyo tupu. Muhuri wa posta ya jeshi unaonyesha tarehe na namba ya ofisi ya posta, na nyuma ya bahasha askari alitakiwa kuandika namba, jina na kikosi chake. Bahasha tupu imewahi kuwa na faida kuliko barua yenyewe, kwa kuwa barua ilipita kwa mkaguzi na mara nyingi haisemi lolote ila salamu na kuulizia ng'ombe.

Vifupisho utakavyovikuta, na maana yake:

K.A.R. ni askari wa miguu, ndiyo keya yenyewe. E.A.A. ni mizinga. E.A.E. ni wahandisi. E.A.A.S.C. ni usafirishaji na ugavi, yaani madereva na makarani wa stoo. E.A.A.M.C. ni matabibu na wauguzi. A.A.P.C. ni wale wa kazi za mikono waliopelekwa hadi Misri na Libya. E.A.M.L.S. nao ni wa kazi.

Usidhani kila aliyekwenda vitani alikuwa K.A.R. Kijana aliyesoma misheni Moshi alikuwa na nafasi kubwa ya kuwa dereva, karani, mpiga simu au muuguzi, na ukimtafuta kwenye orodha ya K.A.R. peke yake hutamwona milele.

Kama ni K.A.R., namba ya batalioni ina siri rahisi: tarakimu ya mwisho mara nyingi inaonyesha nchi. Batalioni za Tanganyika huishia na 6: ya 6 (iliyogawanywa kuwa 1/6 na 2/6), 26, 36, 46. Za 3 na 5 kwa kawaida ni Kenya, 4 na 7 Uganda, 1 na 2 Nyasaland, ingawa ya 11 ilikuwa ya Kenya na ya 71 ya Somaliland. Kanuni hii inasaidia unapokuta namba imefutika nusu.

Picha: tazama kofia na bega. Beji ya K.A.R. ni baragumu, mara nyingi na namba ya batalioni katikati. Kichwa cha kifaru begani ni alama ya Divisheni ya 11, iliyokwenda Burma. Geuza picha utafute muhuri wa studio. Colombo, Nairobi na Mombasa kila mmoja unakueleza alipita wapi.

Nishani za Waingereza za vita hivyo kwa askari wetu hazikuchongwa jina. Nyota yenye utepe wa buluu iliyokolea, mstari mwekundu katikati na miwili ya rangi ya chungwa pembeni ni ya Burma. Utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati, na miembamba ya buluu iliyokolea na buluu hafifu, ni ya Afrika, iliyohusu pia Uhabeshi na Somalia. Nyota inakueleza alipigana upande gani, lakini haithibitishi ni ya nani. Usiisugue kwa dawa ya shaba wala majivu, maana unaondoa chuma pamoja na kutu.

Karatasi zipigwe picha mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, simu ikiwa sambamba na karatasi, pande zote mbili hata kama nyuma ni peupe, na rula pembeni. Usitie lamineti: joto linaunguza wino na plastiki haitoki tena. Usigandishe kwa selotepu. Baada ya miaka michache gundi hugeuka kahawia na kula maandishi. Bahasha ya karatasi nyeupe, penseli laini kwa kuandika juu yake, na mahali pasipofikiwa na moshi wa jiko wala mchwa, vinatosha.

Vitabu vya kanisa

Hapa Kilimanjaro na Meru tuna bahati ambayo mikoa mingi haina. Wamisionari Wakatoliki walikuwa Kilema na Kibosho, na Walutheri Machame, Mamba na Kidia, kabla ya 1900. Nkoaranga na Ilboru zilifuata miaka michache baadaye. Kijana aliyezaliwa 1920 na wazazi Wakristo ana nafasi nzuri ya kuwemo kitabuni.

Kitabu cha ubatizo cha Kikatoliki kiliandikwa kwa Kilatini. Maneno machache yatakutosha: natus, alizaliwa, baptizatus, alibatizwa, filius, mtoto wa, obiit, alifariki. Soma ukingoni mwa ukurasa, kwa sababu kipaimara na ndoa huongezwa hapo, na wakati mwingine kifo pia. Kwa Walutheri tafuta pia orodha ya kipaimara, inayoonyesha vijana wa kundi moja. Hao ndio wenzake. Nenda kwa miadi, na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Tambua kwamba usharika wa leo huenda ulizaliwa kutoka usharika mama, na vitabu vya zamani vimebaki kule mama. Watu hutafuta kanisa la jirani, wanakosa, wanakata tamaa, na kumbe kitabu kipo kilomita 4 mlimani.

Unachochukua kanisani ni tahajia. Jina la ubatizo, jina la kienyeji, jina la baba. Andika vyote vitatu jinsi vilivyo, hata kama unaona vimekosewa.

Kwa familia za Kiislamu, uliza madrasa, mwalimu na msikiti, halafu ujue kwamba jeshini huenda aliandikwa kwa "bin" na jina la baba tu, bila jina la ukoo.

Kulitafuta jina

Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, iliundwa mwaka 1917 na ina orodha ya wazi kwenye tovuti yake. Kuitazama ni bure. Mtu akikuomba fedha ili "akufungulie faili la Burma" au akuletee fidia kutoka Uingereza, mwache aende zake.

Orodha inahusu waliokufa kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, na kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Huo mwisho wa pili ni muhimu: kijana aliyerudi mgonjwa akafia nyumbani Marangu mwaka 1946 kwa ugonjwa wa vitani naye anastahili kuwemo, ila uthibitisho wa kwamba ugonjwa ulitokana na utumishi lazima uwepo.

Karani aliyeandika jina alikuwa hajui Kichaga wala Kimaasai, naye aliandika alichosikia. Kwa hiyo tafuta kwa namna zote: Massawe, Masawe, Masao, Masawi, Urassa, Uraso, Orasa, Mollel, Molel, Moleli, Laizer, Laiser, Laisa. Badilisha r na l, sh na ch, w na u. Geuza mpangilio pia: jina la kwanza huenda limewekwa mahali pa jina la ukoo, na jina la baba ndilo pekee linalofuata. Majina ya koo tunayoyatumia leo kama jina la tatu, wengi wakati huo hawakuyatumia kabisa.

Njia nzuri zaidi ni kuacha jina. Fungua utafutaji wa kina, kwenye sehemu ya maelezo ya ziada andika Moshi, au Arusha, au Machame, Marangu, Kibosho, Rombo, Meru, na uchague vita husika. Wale walioandikwa "mtoto wa fulani, wa Moshi, Tanganyika" watatokea wote. Kisha rudia kwa jina la kikosi. Matokeo pakua kama jedwali, uyapange kwa namba ya askari. Hapo ndipo ile namba ya mwenzake aliyerudi inapofanya kazi: tazama waliomkaribia. Nakili namba pamoja na herufi zilizo mbele ya mstari wa mlazo, kwa sababu tarakimu zilezile zenye herufi tofauti ni za mtu mwingine.

Umri mara nyingi umeachwa wazi. Tarehe nayo isomwe kwa uangalifu. Na tarehe mnayoijua nyumbani karibu kila mara ni ya habari kufika, wala si ya kifo. Taarifa ilitoka kikosini, ikapita makao makuu, ikaja bomani, mangi akaitwa, ndipo ukoo ukakaa matanga. Mkikumbuka msiba wakati wa masika ya 1945 na orodha ikasema Oktoba 1944, huyo bado anaweza kuwa ndiye.

Orodha imesema nini hasa

Ukiona plot, row na grave, ana kaburi lake. Ukiona face, column au panel, hana kaburi linalojulikana na jina lake limechongwa ukutani. Sehemu mbili utakutana nazo mara kwa mara.

Ya kwanza ni Rangoon Memorial, ndani ya makaburi ya Taukkyan, kaskazini ya Yangon. Ina majina karibu 27,000 ya waliofia Burma bila kaburi kujulikana. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikiwa na batalioni za 26 na 36 kutoka Tanganyika, ilipita Ceylon kwa mafunzo, ikaingia Burma katikati ya 1944 na kuteremka bonde la Kabaw kuanzia Tamu katikati ya mvua za msimu. Kalewa, kando ya mto Chindwin, ilichukuliwa 2 Desemba 1944. Kwa hiyo kifo cha Agosti hadi Novemba 1944 katika batalioni hizo ni kifo cha bonde hilo: matope yaliyomeza magari, mashambulizi ya kuvizia njiani, malaria, na homa ya utitiri wa vichakani (scrub typhus) iliyoua bila risasi. Batalioni ya 46 ilikuwa katika Brigedi ya 28, iliyopigana mwanzoni mwa 1945 upande wa magharibi wa mto Irrawaddy. Usimweke mtu wa 46 katika bonde la Kabaw kwa sababu tu wote walisema "Burma".

Ya pili ni East Africa Memorial, kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Hapo wamo waliokosa kaburi Somalia, Uhabeshi na Madagascar. Batalioni ya 1/6 ilikuwa Uhabeshi mwaka 1941, ikapigana Colito tarehe 19 Mei, na ikaenda Madagascar Septemba 1942.

Ukutani hapo hapo wamo wa meli ya Khedive Ismail, na juu ya hili lazima tukae kidogo. Kama orodha inasema E.A.A., 301 Field Regiment, tarehe 12 Februari 1944, mmeshajua. Meli iliondoka Mombasa kwenda Colombo katika msafara. Karibu na Maldives, mchana, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo mbili, ikazama ndani ya dakika mbili hivi. Walikufa 1,297, waliookoka hawakuzidi 220. Wengi wa waliokufa walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, waliokuwa chini ya sitaha. Manowari za Uingereza ziliidondoshea nyambizi mabomu ya kina wakati baadhi ya walionusurika wangali majini. Ukiwa na mzee hai ambaye ni ndugu wa damu, fikiri kwanza utamwambia nini na lini. Ana haki ya kujua, na ana haki pia ya kuambiwa akiwa ameketi, watoto wake wakiwa karibu, asubuhi, si usiku kabla ya kulala.

Kwa mtu wa Arusha, Nairobi ni safari ya siku moja kupitia Namanga. Andika namba ya column kabla ya kuondoka. Piga picha asubuhi au alasiri jua likiwa la pembeni, maana saa sita herufi hupotea. Usipake chaki kwenye maandishi.

Shajara za vikosi

Kila batalioni iliandika shajara ya kila siku, na nakala zipo kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, Kew. Katalogi inasomwa bure mtandaoni. Nakala zenyewe mara nyingi hulipiwa. Msimbo wa Burma ni WO 172, Madagascar WO 174, Uhabeshi na Somalia WO 169, na Vita vya Kwanza WO 95. Omba batalioni na mwezi mmoja tu, ule wa kifo. Kuagiza mwaka mzima ni kupoteza fedha.

Jiandae kwa jambo litakalokuumiza. Shajara humtaja afisa kwa jina, na askari wetu kwa idadi: A.O.R. (askari Waafrika wasio maafisa) wawili wameuawa, watano wamejeruhiwa. Huyo mmoja wa wawili ndiye babu mdogo. Lakini ukurasa huo huo utakupa kilima, saa, mvua, doria ilikuwa ya watu wangapi, na walikuwa wanaelekea wapi. Ukilinganisha tarehe na orodha ya CWGC ya batalioni hiyo hiyo, unapata majina ya waliokufa naye siku ile. Shajara haikuwataja pamoja, wewe unaweza.

Kama hayumo

Kwanza rudia tahajia. Pili, jiulize kama alikufa akiwa ameshaachishwa. Tatu, jiulize kama alikuwa askari kweli au kibarua wa mashamba ya mkonge, kwa sababu sheria ile ile ya 1940 ilitumika baadaye kupeleka watu mashambani, na nyumbani yote yaliitwa "kuchukuliwa".

Baada ya hapo nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Omba mafaili ya Wilaya ya Moshi au ya Arusha ya 1940 hadi 1947 yanayohusu uandikishaji, fedha za familia za askari na mali za marehemu. Sehemu ya mshahara iliyotumwa nyumbani ilipitia bomani, na fedha za marehemu zilipaswa kulipwa kwa mrithi. Malipo hayo yalizaa barua. Nenda na barua ya utambulisho na kitambulisho, tenga siku 3 kamili, na siku ya kwanza usitegemee chochote zaidi ya kuelewa fahirisi. Usikimbilie vyeti vya kifo: usajili wa vifo vya Waafrika wakati huo haukuwa wa lazima nchi nzima.

Ukipata ushahidi wa utumishi na wa kifo ndani ya zile tarehe, CWGC hupokea maombi ya kuongeza jina.

Vita vya Kwanza na Kagera

Kwa 1914 hadi 1918, sema ukweli kwa familia mapema. Babu wa babu huenda alikuwa askari wa Mjerumani, wa Mwingereza, au mpagazi wa yeyote kati yao, na wapagazi wengi hawakuandikwa popote. Taarifa ya CWGC yenyewe ya 2021 ilikubali kwamba waliokufa bila kukumbukwa kwa jina, hasa Afrika Mashariki na Misri, ni angalau 116,000 na huenda wakafika 350,000. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya 1927, inawaheshimu askari na wapagazi bila jina la mmoja wao. Hapa masimulizi ya ukoo ndiyo nyaraka yenu, basi yaandikwe kwa uzito huo.

Kwa vita dhidi ya Amin, 1978 hadi 1979, njia ni nyingine kabisa. Unatafuta namba inayoanza na MT kwa askari wa kawaida wa JWTZ, na kikosi, ambacho ni tarakimu zikifuatwa na KJ. Kama alikuwa mgambo, anzia kwa mshauri wa mgambo wa wilaya. Barua ipite kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, mtendaji wa kata, ofisi ya mkuu wa wilaya, ndipo jeshini, ikiwa na uthibitisho wa undugu. Ukiruka ngazi inarudishwa. Mashujaa wengi wa vita hivyo wamezikwa Kaboya, wilaya ya Muleba. Pale ni eneo la jeshi: omba ruhusa kabla ya kusafiri, na usitoe simu kupiga picha mpaka umeruhusiwa.

Kuyaandika, na jiwe la nyumbani

Andika kurasa 4 au 5, zisizidi. Nusu nzima iwe maisha kabla ya jeshi, hata kama vita ndivyo vina karatasi nyingi. Tumia alama tatu ukingoni: K kwa kilicho kwenye karatasi, S kwa kilichosimuliwa na jina la msimulizi, D kwa dhana yako. Usimtungie maneno ya mwisho. Usiandike "alikufa kishujaa" kama unachojua ni kwamba alikufa kwa homa hospitalini. Andika homa, andika hospitali, andika alikuwa na miaka 22. Alikuwa mtoto wa mtu, na hilo linatosha kuheshimiwa.

Jiwe kihambani lisemwe kwanza kwenye kikao cha ukoo. Wapo wasiotaka kaburi lisilo na mwili, na wanasikilizwa. Mkikubaliana, maandishi yachongwe kwa kina cha milimita 3 hivi. Rangi juu ya terazo haivumilii mvua za mlimani. Jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la baba, namba, kikosi, tarehe, na mahali jina lake lilipo duniani. Msiandike "hapa amelala". Anayetaka kuona majina yaliyotunzwa yanavyoonekana baada ya miaka 80 aende Tengeru, kwenye makaburi ya wakimbizi wa Poland waliokuja 1942.

Nakala moja ipeleke usharikani, moja kwa kila tawi la ukoo. Kama CWGC wameandika jina vibaya, waombe walisahihishe: tuma picha ya ukurasa wa ubatizo, maelezo mafupi ya undugu, na tahajia mnayotaka kwa herufi kubwa. Andika namba yake ya askari juu ya kila ukurasa, kwa sababu viambatisho hutengana na barua.